Bei ya Silinda ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimezungusha pangaboi la ndege kwa mkono kama kila asubuhi. Silinda ya kwanza inakaza. Ya pili inakaza. Ya tatu imeachia hewa bila ubishi. Nimerudia mpaka bega likauma. Nimemulika tochi: ufa, mwembamba kama unywele, pembeni ya kichwa chake.

Abiria wa leo nimemrudisha alikotoka. Mvua ndiyo kwanza zinaanza, na hii ndiyo miezi yangu ya kula. Barabara zikifa, watu wanakumbuka kuna ndege hapa Masakta. Ndege yenyewe viti vinne, imezeeka kama mimi. Mwenye shamba la ngano niliyemrushia dawa miaka ile aliniuzia alipofunga virago. Mke wangu Theresia amesema heri ningenunua trekta. Ana haki.

Jumatano, 5 Machi

Fundi Kimaro amepiga simu kutoka Arusha. Silinda haichomelewi. Mpya inatoka nje, kwa dola. Weka usafiri, weka ushuru, weka na karatasi ya kuthibitisha kwamba si feki. Nimekata simu nikatukana peke yangu uwanjani.

Silinda ya pikipiki unaipata Katesh kwa bei ya mbuzi. Hii yangu, ukubwa wa sufuria ya familia, ni ng'ombe tisa wazuri. Hata boliti ikishaitwa ya ndege inajiona. Wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyesema hakuwa na ndege.

Jumamosi, 8 Machi

Tisa ndio nilio nao. Zizini wako wanne. Watano wako kwa watu. Ndivyo tunavyoishi huku, ng'ombe hawakai boma moja, ugonjwa ukiingia usiwamalize wote. Unampa rafiki afuge. Maziwa yake, samadi yake, ndama wako. Mnakuwa ndugu. Siku ukimtaka ng'ombe unakwenda mwenyewe, tena mapema, hata mwezi kabla. Unakaa, unakunywa kilichopo, unaeleza shida yako. Naye anapata muda wa kujipanga.

Watatu wako kwa mashemeji kule Gitting. Hao wepesi. Wawili wako kwa Bura, ng'ambo ya korongo. Bura nimechunga naye tangu hatujajua kufunga vifungo vya shati. Nikienda kwake sitoki siku hiyo, na hanipi jibu siku hiyo. Mnada ni Jumanne.

Jumanne, 11 Machi

Nimetuma dalali na Fuso. Haya, nimeliandika.

Dalali anasema Bura alifungua zizi papo hapo. Kamba alifunga mwenyewe. Aliuliza tu kama mimi ni mgonjwa. Dalali akamjibu, hapana mzee, ana shughuli na ndege.

Wameuzwa wote. Theresia ameuliza nilikwenda lini kwa Bura. Nimesema nitakwenda. Ameosha vyombo kwa kelele jioni nzima.

Alhamisi, 20 Machi

Silinda imefika Dar. Haijatoka forodhani. Kila siku inayokaa inalipiwa, kama mgeni wa hoteli.

Theresia ametoka kanisani na habari nyingine. Mjukuu wa Bura, yule ambaye mama yake alifariki akijifungua, alikuwa ananyweshwa maziwa ya ng'ombe mweupe. Mweupe ni wangu. Alikuwa wangu. Sasa wanaomba kwa majirani. Yakikosekana, uji.

Bura hakumwambia dalali. Asingemwambia. Mambo ya ndani ya nyumba haambiwi mtu wa mnada. Mimi angeniambia, kama ningekwenda.

Nimenunua maziwa ya kopo, Theresia ameyapeleka. Walipokea, wakashukuru. Mimi sikwenda. Naona aibu. Nitakwenda ndege ikipona, nimpelekee na habari njema.

Ijumaa, 4 Aprili

Imefungwa! Kimaro aliingurumisha injini jana mchana kutwa, kijiji kizima kimesikia. Leo nimeijaribu angani. Silinda zote zinavuta. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani kama mwehu.

Nilifuata barabara ya Basotu. Chini kulikuwa na basi la Haydom limezama kwenye tope, watu wameshuka, wengine wanasukuma. Nikawapungia bawa. Nilijiona mfalme, sitaki kudanganya.

Jumamosi, 5 Aprili

Bura alikuwa kwenye basi lile. Yeye na mtoto.

Theresia amesikia asubuhi kwa wanawake. Mtoto aliharisha tangu Jumatano. Kutoka kwa Bura mpaka uwanjani kwangu ni kuteremka korongo na kupanda. Kutoka uwanjani mpaka hospitali ya Haydom, kwa ndege chai haipoi. Injini alikuwa ameisikia. Hakuja. Kwanza nilikasirika. Nikasema ana kiburi, anamhatarisha mtoto kwa sababu ya ng'ombe. Theresia akanitazama. Akasema, "Ulimtumia dalali. Yeye angemtuma nani?"

Nimeruka. Nimemkuta kwenye benchi nje ya hospitali. Mtoto alifariki alfajiri. Wauguzi walihangaika naye, ila alifika usiku wa manane amekauka, basi lilikwama kutwa. Bura alisimama, akanipa mkono. "Umefika," akasema. Nikamwambia ndege ipo, turudi wote, na mtoto. Akasema, "Asante. Nimeshaongea na mwenye gari."

Gari halikuwepo. Nililiona basi likigeuza, nikamwona anapanda, kitenge kifuani. Nimerudi na viti vitatu vitupu. Sikumbuki nilivyotua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mazishi. Nilishika jembe kama wanaume wengine. Kaburi la mtoto linachimbwa haraka, nilitamani liwe refu ili niwe na kazi.

Mke wa Bura alinikaribisha. Hakuna aliyenisema. Hakuna hata aliyenikunjia uso, na hilo ndilo limenimaliza. Mwisho Bura alisimama kushukuru. Alishukuru katekista. Alishukuru majirani wa pande zote mbili za korongo, jina kwa jina. Sikulisikia langu. Kisha akasema, "Na tunawashukuru wageni wetu," akawataja ndugu waliotoka Mbulu, halafu mimi.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nikavuka korongo nayo.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Barabara zote mbovu. Turubai nimeiacha juu ya ndege.

Asubuhi nilivuka kwenda kwa Bura. Mwenyewe, bila kutuma mtu. Tulikaa. Tuliongea mvua, mahindi, bei ya mbolea. Alinijibu kila kitu. Nilipoaga alinisindikiza mpaka mlangoni pa boma, kama anavyosindikizwa mgeni, akabaki pale mpaka nilipoteremka. Zamani hakuwa ananisindikiza. Nilikuwa naondoka tu.

Mchana mfanyabiashara mmoja wa vitunguu swaumu alipiga simu, anataka kwenda Arusha, analipa vizuri. Nikamwambia ndege ni mbovu, nasubiri kipuri. Injini haina ubovu wowote. Akauliza ni kipuri gani, ana ndugu Nairobi anaweza kukitafuta.

Nikamshukuru, nikakata simu. Sikupata cha kutaja.