Gauni Alilopimiwa Mtoto wa Jirani

Majengo, Mpanda, 1994

Mjukuu wangu Neema,

Huku hatujambo, mpunga tumeshavuna. Umeniuliza kama mama yako amezoea kukaa bila wewe, tangu mahakama iseme ukae na baba yako Tabora.

Wazazi wangu nao waliachana, baba akanipeleka Mwese. Niliporudi kumwona mama nilishakuwa msichana mkubwa, lakini alinitolea sandukuni gauni jipya, likanikaa sawasawa. Chini yake kulikuwa na mengine, madogo zaidi na zaidi.

"Umejuaje kimo changu, mama?"

"Nampima mtoto wa jirani. Mlizaliwa mwezi mmoja."

Jana nilimkuta mama yako amemsimamisha Rehema wa jirani mlangoni, anampima mabega kwa kamba.

Bibi yako