Ng'ombe Wanne Nyuma ya Nyumba ya Mshonaji

Nyumbani kwenu,
Njia ya Kiwanda cha Maziwa.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Msomi wangu,

Hujambo mwanangu? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwa baridi ya hilo bweni lenu? Unakula? Usinijibu tu kwamba unakula. Niambie jana ulikula nini. Mimi shangazi yako sijambo, ni goti tu linanisumbua nikichuchumaa kukamua. Baba yako mzima, na ile tabia yake ya kuingia sebuleni na viatu vya zizini nayo nzima.

Juzi ulipopiga simu ukalia, nilikukatia. Usidhani ni mtandao. Nilikata kwa sababu sikuwa na la kusema, na unanijua, mimi kukosa la kusema si kawaida. Ndiyo maana naandika.

Nianze mwanzo, usije ukaniona mwehu. Tangu uende kusomea hiyo shahada yako ya uzamili, ufugaji endelevu na usimamizi wa mashamba, simu zako zilibadilika. Zamani uliuliza kwanza hali yangu. Sasa ikawa: shangazi, ng'ombe ni wale wale kumi na wawili? Malisho ya upande wa mto yanatosha? Samadi mnaipeleka wapi? Mara unataka picha ya banda, mara picha ya hori tupu. Hori tupu la nini, mwanangu? Nikajiuliza, mtu anayeulizia mali ya nyumba kipande kipande hivi, anataka kuifanya nini?

Siku hizo hizo baba yako akaanza kuzunguka na kamba kule mpakani mwa shamba, anapima, anachomeka vijiti. Nikimuuliza, "Aa, napima tu." Kaka yangu huyo namjua tangu anaiba sukari kabatini, akisema "tu", ujue kuna jambo. Machale yakanicheza. Nikasema basi, baba na binti wameshanizunguka: ng'ombe wauzwe, shamba likatwe viwanja, nami nitafutiwe kona nikae kama mgeni. Nimewakamua ng'ombe hawa tangu bibi yako alipoacha. Ningekwenda wapi?

Ndipo ukaniambia kuna mtu wa chuo atakuja "kuangalia kidogo". Kuangalia nini, hukusema. Nikaona isiwe tabu. Asubuhi ya siku hiyo niliwatoa ng'ombe wanne, wale walionona, wa kwanza akiwa Bi Harusi wetu, nikawapeleka nyuma ya nyumba ya jirani yetu mshonaji na kuwafunga kwenye nguzo za kuanikia nguo. Kama ni mnunuzi, nilijisemea, akute wazee na mitamba.

Akaja bwana mmoja mwenye miwani, viatu safi mno kwa mtu wa ng'ombe. Akatoa utepe, akawapima vifua wale waliobaki, mmoja mmoja, utadhani anawashonea suti. Nilisimama naye bega kwa bega, macho kodo. Alikuwa na adabu sana, na kwa hiyo adabu nikazidi kumshuku.

Aliyeniharibia ni ndama wa Bi Harusi. Alimlilia mama yake bila kupumzika, na kule kwa mshonaji mama naye anaitika. Bwana akasimama. "Mama, huyu ndama mama yake yuko wapi?"

"Amekufa," nikasema. Lilinitoka hivyo hivyo.

"Na yule anayelia kule?"

"Wa jirani. Halali, wala haachi watu walale."

Akanipa pole, akaandika. Nawe ujue kwamba wakati huo marehemu alikuwa anatafuna pazia la mteja wa mshonaji, na kwa pazia hilo nasemwa mpaka leo.

Halafu juzi, simu yako. Bwana kakuambia mama wa ndama amekufa, na ndama tunaye mmoja tu, ukajua ni nani. Unamlilia Bi Harusi, yule uliyemvuta mwenyewe kutoka tumboni mwa mama yake, mkono ndani mpaka begani, sare ya shule bado mwilini. Unanipa pole mimi! Na katikati ya kilio ndipo ukanieleza, kwa mara ya kwanza, kwamba uliomba utafiti wako ufanyikie hapa nyumbani, ukae nasi miaka miwili. Kwamba chuo kinataka shamba lenye ng'ombe wasiopungua kumi. Kwamba yule bwana amehesabu wanane, nawe ukadhani wale watatu wengine tumewauza, na sasa unapelekwa kwenye shamba la watu, mbali kuliko hata huko uliko. Nilikuwa nahofia utatuuza, kumbe mimi ndiye niliyekufungia mlango.

Lakini na wewe, jamani! Siri za nini? Eti hukutaka kunipa matumaini kabla chuo hakijakubali. Ulininyima neno moja, nikatunga langu, na langu likawa baya.

Baba yako nimembana. Anasema alikuwa anapima pa kukujengea chumba, ukija usilale na mimi na kukoroma kwangu. Huenda. Bado simwamini sana, maana vile vijiti ni vingi kwa chumba kimoja. Mwulize wewe, kisha uniambie alivyojibu.

Sasa nisikilize. Mwambie msimamizi wako kwamba shangazi yako alidanganya. Usinipambe, usiseme hesabu ilikosewa. Sema alidanganya, aliwaficha, na wote kumi na wawili wamo bandani. Mpimaji arudi na utepe wake hata kesho. Wakitaka nije niseme mwenyewe mbele yao, nitakuja, na goti langu hili hili.

Baba yako anakusalimu. Mshonaji naye anakusalimu, ila kwa kununa. Bi Harusi hajambo. Jana kanipiga teke, na ndama wake hataki tena kumwacha hatua moja. Mungu akufungulie nilichokufungia.

Ukipata jibu lao, liwe lolote, nipigie. Safari hii sitakata.

Ni mimi shangazi yako,
nikupendaye hata ninapokushuku.