Vanishi Juu ya Uso wa Dada

George Town, 3 Februari 2016

Mpwa wangu Siew Imm,

Hujambo huko Kuala Lumpur? Mimi mzima, ila goti linadai kuchuliwa. Mchoro wako wa ukutani wa marehemu mama yako, akikaanga tambi huku akicheka, sasa ndio unaotawala mtaa. Nikiwapitisha wageni kwa baiskeli yangu ya magurudumu matatu, kwenye kuta nyingine wanasinzia. Kwa dada yangu wanaamka. Mjapani mmoja alilia mpaka akalowesha kiti.

Ulisema rangi inapauka, utakuja Aprili tukienda kufagia makaburi, uitengeneze. Usijisumbue. Mimi nilishapaka meli nzima kabla ya chai. Nimempaka vanishi ya boti, tabaka tatu. Anang'aa kama bibi harusi.

Mjomba wako,
Kheng Hoe

Kuala Lumpur, 11 Februari

Shikamoo Mjomba,

Pole na goti. Barua yako nimeisoma nimesimama. Ukuta ule ni wa chokaa, unatoa jasho. Ukiuziba, maji yanabaki ndani na lipu inabanduka. Ndiyo maana sikupaka chochote juu yake. Katika picha zake zote amekaza uso kama kwenye kitambulisho. Kicheko chake kiko hapo tu. Siku hizi nikijaribu kumkumbuka, naukumbuka ukuta. Niambie kweli, umeanza kuvimba?

Mpwa wako,
Siew Imm

George Town, 20 Februari

Mpwa wangu,

Salama kabisa, hata goti limetulia. Hakuna uvimbe. Hao walimu wako wa kuchora wamewahi kupaka meli? Ila Aprili usije, barabara yetu inachimbwa.

Mjomba wako

George Town, 28 Machi

Siew Imm,

Natumaini afya yako ni njema. Yangu usiulize.

Barabara haichimbwi. Ulipouliza, kidevu kilikuwa kimeshavimba. Nikakibonyeza kwa kidole kukirudisha, kikaanguka pamoja na mdomo. Kisha ikanyesha wiki nzima. Limebaki jicho la kushoto na kikaango.

Jana mgeni aliniuliza hapa palikuwa na nani. Nikamwambia, "Dada yangu." Akasubiri hadithi. Nikakanyaga pedali.

Njoo, nitukane mbele ya watu. Sasa ni mimi tu ninayejua alivyocheka. Alianza na mabega, sauti ikafuata baadaye, na alifumba jicho moja. Hapo sijatia chumvi hata chembe. Lakini umenijua tangu utotoni, mwanangu. Utaniamini vipi?

Mjomba wako