Robo Saa ya Jovin

Pasua, Moshi
Alhamisi, 14 Julai 2005

Dada yangu mpendwa Salvina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokipata kwenye baridi ya Juni kimekwisha kukuachia. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mwambie ile dawa ya kuchua nimeipata, nitakuja nayo mwenyewe. Na ng'ombe je, ameshazaa au bado anawanyima usingizi? Mimi huku Pasua sijambo, ni vumbi tu linalotusumbua.

Utashangaa kupata barua wakati simu unayo. Ningekupigia, lakini simu ya nyumbani kwetu husikilizwa na mama, na mama mdogo, na yeyote aliyepita kuomba majani ya ng'ombe. Tena wewe una tabia ya kunikatiza. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho. Anayekuletea ni Mama Dominika, akirudi na matenga yake kutoka soko la Mbuyuni. Nimemwomba akupe mkononi, pale shuleni kwako, asiifikishe nyumbani.

Mwezi uliopita uliniuliza Jovin ni mtu wa namna gani kazini, kwa kuwa Jumamosi hii wazee wake wanapanda Kibosho kuja kukuposa. Nilikujibu kwa mkato kwamba ni mtu anayependa kazi. Wewe unanijua, ukasoma kilichokuwa nyuma ya maneno, ukaniambia nisimdharau mwanaume wa watu kabla hajaingia mlangoni, na kwamba dharau yangu itaniponza siku moja. Leo nakujibu kwa kirefu.

Jovin ndiye meneja utawala wa kampuni yetu, na ukiingia ofisini kwake kitu cha kwanza unachokiona ni Jovin. Yuko ukutani, amevaa koti la baridi na miwani ya jua, mlima nyuma yake. Kila mgeni huambiwa hiyo ilikuwa siku aliyofika kileleni. Picha yenyewe imepigwa Mandara, dada, kituo cha kwanza tu cha njiani, pale ambapo hata watoto wa shule hufika na chapati zao mfukoni. Amekata ukingo wa picha ili bango la jina la kituo lisionekane, lakini nguzo ya bango ameisahau. Pembeni yake kuna cheti cha semina ya kompyuta ya Arusha, kimewekwa kwenye fremu kubwa kuliko ya msalaba. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili letu lina fremu mbili.

Halafu kuna saa. Ili watu wawahi kazini, Jovin aliisogeza mbele saa ya ukutani kwa robo saa nzima. Saa hiyo ikigonga mbili anafunga geti, na wewe unayefika na robo saa yako halali mkononi unasimamishwa nje kama mwizi wa kuku. Watu walishazoea. Mkipanga kikao mnaulizana kwanza: ni kwa saa ya Jovin au kwa saa ya kanisa? Kila mmoja kichwani anaondoa ile robo, kwa hiyo wanaochelewa wanaendelea kuchelewa vilevile, na mtu pekee anayedanganywa na saa hiyo ni aliyeisogeza.

Sasa ujue kazi niliyoajiriwa kuifanya. Kampuni inanunua kahawa ya wakulima wa mlimani, na kila gunia linaloingia huandikwa kwenye kompyuta. Nilipofika nilikuta ofisi nzima inatumia neno moja la siri, nalo lilikuwa jina la mbwa wa mlinzi. Wasomi wazima, wenye tai. Bodi ikaniagiza niweke utaratibu wa tiketi. Nitakueleza kwa mfano wa kadi ya harusi. Ukishatoa mchango wako kwa kamati unapewa kadi, na mlangoni huulizwi tena habari za mchango, unaonyesha kadi na kupita. Ndivyo ilivyo. Asubuhi unaitajia kompyuta kuu neno lako la siri, mara moja tu, nayo inakupa tiketi. Tiketi hiyo ndiyo inayokufungulia ghala, hesabu, na mashine ya kuchapa, mpaka jioni inapokufa. Neno lako halizungukizunguki tena kwenye waya likidakwa na kila mpita njia.

Lakini utaratibu huu una sharti moja lisilo na utani. Kila tiketi imebeba saa ndani yake. Kompyuta yako na ile kuu zikipishana zaidi ya dakika tano, tiketi inakataliwa, kwa sababu mwizi anaweza kuidaka tiketi ya mtu na kuileta baadaye akijifanya mwenyewe. Kwa hiyo nilizipanga kompyuta zote zifuate saa ya ile kuu, na mfanyakazi wa kawaida nikamfungia, hawezi kuigusa saa hata akitaka. Hayo nilimweleza kila mtu. Jovin nilimweleza peke yake, polepole, kama wewe unavyowaeleza watoto wa darasa la kwanza. Akajibu kwamba alishayajua tangu Arusha.

Kisha akadai neno kuu la siri, lile linalofungua kila kitu. Alisema mkuu wa utawala hawezi kukosa ufunguo wa nyumba yake. Mzee Melkior, mwenyekiti wa bodi, akaona ni haki, nami nikampa. Tukawa wawili tu tulio nalo.

Wiki iliyofuata nilitumwa Bomang'ombe kuweka utaratibu huohuo kwenye tawi letu la pale. Nikiwa huko, ikafika siku ya kufungua msimu. Wakulima waliteremka alfajiri na magunia yao, kutoka kwetu Kibosho, kutoka Uru, foleni ikatoka getini ikaenda mpaka barabarani. Anayeandikisha magunia ni Violet, yule mjane wa Kahe niliyewahi kukusimulia, anayelea watoto wawili peke yake na bado ndiye anayecheka zaidi yetu sote. Kompyuta yake iko mapokezi, chini kabisa ya saa ya ukutani. Violet akaandika neno lake la siri, akakataliwa. Akarudia, akakataliwa. Wakulima wakaanza kunung'unika. Ildefonce wa ghalani akamwonea huruma, akamwazima neno lake mbele ya kila mtu, nalo likakataliwa. Jua likapanda. Katika foleni hiyo alikuwamo Mzee Melkior mwenyewe, ambaye bado analima kahawa kwenye kihamba alichoachiwa na baba yake na hataki kupitishwa mbele ya wenzake.

Hapo Jovin akatoka ofisini na tai yake, akawatangazia watu kwamba mama huyu amechezea mitambo. Jioni akamkabidhi Violet barua ya kusimamishwa kazi, na humo hakuandika uzembe. Aliandika kwamba amejaribu kuingia kwa jina la mtu mwingine ili aibe. Unajua mjini hapa neno wizi likishakupanda huajiriwi hata kufagia. Bodi ilipangwa kukaa Jumatano, yaani jana, kumfukuza rasmi.

Niliporudi nilimkuta Violet nyumbani kwake amekaa kwenye ndoo, hacheki. Nikaenda ofisini moja kwa moja nikawasha kompyuta yake. Haikunichukua muda. Zote nyingine zilikwenda sawa na ile kuu, lakini ya Violet ilikuwa imekatwa isiifuate, nayo ilikuwa mbele kwa robo saa, dakika kwa dakika sawa na ile ya ukutani juu yake. Nilicheka peke yangu, dada, kicheko kibaya. Violet asingeweza kufanya vile hata angekesha. Walioweza ni wawili, na mmoja wao alikuwa Bomang'ombe.

Nikamfuata. Hakukana. Alinieleza kabisa, bila aibu, kwamba wachelewaji walianza kumwonyesha kioo cha Violet pale mapokezi, wakisema kompyuta inasema bado hawajachelewa. Ikawa inamvunjia heshima, akaisogeza ilingane na ukuta. Nilimuuliza kama hakukumbuka zile dakika tano. Akasema mashine haiwezi kumpangia mtu mzima muda. Kisha akaagiza chai na maandazi, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza akaniita shemeji. Alisema mambo haya ni ya nyumbani na yataishia nyumbani, kwamba nikinyamaza mpaka Jumatano ipite, Jumamosi tutakuwa ndugu. Na alisema neno jingine, ambalo nitalitaja mbele nikipata moyo.

Jana bodi ikakaa, palepale mapokezi. Nilieleza kilichotokea, kwamba saa imesogezwa na tiketi zikakataliwa. Mzee Melkior akauliza ni nani aliyeisogeza. Jovin akadakia kuwa ni Violet, au pengine ni mimi, maana wasichana wa kompyuta hupenda majaribio. Violet alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono mapajani, akitazama sakafu. Sikubishana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu mgema mimi namjua. Nikasema kwa heshima zote kwamba tangu nifike sijaona ofisi yenye nidhamu ya muda kama hii, na sifa zote ni za Meneja, na kwamba nashangaa mtu mdogo kama Violet angewezaje kugusa saa yoyote ya jengo hili bila Meneja kujua.

Ungekiona kifua kilivyopanda. Akasema: “Saa zote za ofisi hii napanga mimi. Ya ukutani, ya getini, na hiyo ya mezani kwa Violet. Hakuna mkono mwingine unaozigusa.”

Watu wakaitazama meza ya Violet. Mzee Melkior akatazama saa ya mkononi mwake, akatazama ya ukutani, akamuuliza taratibu kama hiyo ya mezani aliipanga kabla au baada ya yeye kusimama juani na magunia yake. Jovin akanigeukia mimi, si mwenyekiti, akaniambia kwa sauti ya chini, “Shemeji.” Nikatazama kalamu yangu.

Violet amerudishwa kazini. Jovin amevuliwa cheo na kuambiwa akasubiri barua nyumbani kwake. Saa ya ukutani imerudishwa inavyotakiwa, na leo asubuhi wote tumechelewa, mimi nikiwa mmoja wao.

Sasa nifikie lililonifanya nikuandikie. Jana jioni baba mdogo wa Jovin alinipigia simu. Wageni wa Jumamosi hawaji. Amesema hawawezi kuoa katika nyumba yenye ulimi kama wangu. Kwa hiyo ujue, dada, aliyevunja posa yako ni mimi, na sikukuuliza kwanza. Niliweza kukuuliza. Tangu nizungumze na Jovin mpaka bodi ilipokaa ningeweza kupanda Kibosho na kurudi. Niliogopa ungeniambia ninyamaze, na Violet angekwenda na jina la mwizi, nami ningekuwa nimekutii.

Na neno lile la Jovin ni hili. Alisema huku akichovya andazi, bila hata kuinua macho: “Violet atapata kazi nyingine, Evelyn. Dada yako kwa umri wake hapati mwanaume mwingine.”

Nimefikiri sana kama nikufiche. Lakini nikikuficha utabaki ukimlilia mtu huyo na kunichukia mimi, na hilo la pili naweza kulivumilia, la kwanza siwezi. Najua utasema dharau yangu imevunja nyumba yako kabla haijainuliwa. Ni kweli nilimdharau tangu nilipoiona nguzo ya bango la Mandara. Ni kweli pia kwamba jana alipojimaliza kwa mdomo wake nilifurahi, na furaha ile leo inanichoma. Lakini kwa ajili yako ningemmeza, Salvina. Ningekula pilau yake, ningemwita shemeji mbele za watu, hata kile kilele chake ningekikubali. Alivyonidharau mimi nilishazoea. Hakuwa na ruhusa ya kukudharau wewe.

Mama usimwambie kabla sijafika. Najua ulezi ameshauandaa na pombe ya mbege iko njiani. Isimwagwe, tutaita majirani. Nitapanda Jumamosi kwa gari la asubuhi, na dawa ya magoti mkononi.

Ndani ya bahasha utakuta jani la isale, nimelichuma leo kwenye uzio wa jirani na kulifunga fundo. Usidhani ni la Jovin, yeye hajamwomba mtu msamaha, hata Violet. Ni langu kwako. Kwetu anayeombwa msamaha kwa isale hakatai, lakini mimi nakuruhusu ukatae. Ukilipokea, lichomeke juu ya mlango wa jiko nilione nikitokea migombani. Nisipoliona, nitaiacha dawa ya mama kizingitini na kurudi mjini bila kubisha hodi.

Nisalimie mama mdogo na watoto wote wa darasa lako. Mungu akulinde, dada yangu, kuliko ninavyoweza mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Evelyn