Njia ya Winifred ya Kwenda Crow Nab

Mwaka umetimia, Winifred mdogo wangu, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka, viatu vyako vya kutembelea vikiwa bado na tope la Jumapili.

Clifford, mumeo, alitaka aandike mwenyewe. Alikaa na karatasi siku tatu, akaandika "Mpenzi wangu Win," akaishia hapo. Kwa hiyo naandika mimi, kaka yako Amos, kwa niaba ya wote. Shule yangu unaijua, ilikuwa ya kurukaruka, darasa huku, bandari kule. Utanivumilia.

Watu walizoea kusema msafiri wa nyumba yetu ni mimi, kwa kuwa nilikula chakula cha melini miaka thelathini na moja. Si kweli. Mimi nilipita tu. Msafiri ulikuwa wewe. Hukuwahi kutoka kwenye visiwa vyetu hivi vya Uingereza hata siku moja, na bado hukuvimaliza. Kila Pasaka ulikunja ramani, ukajaza thamosi, ukafunga mikate ya jibini na achari, ukamvuta Clifford: mwaka huu ngome za Wales, mwaka ujao minara ya taa ya Uskoti. Ukirudi unasimulia mvua kama wengine wanavyosimulia harusi.

"Umenyeshewa siku ngapi?" nilikuuliza ulipotoka visiwa vya Orkney.

"Sita kati ya saba."

"Na ile ya saba?"

"Ya saba kulikuwa na ukungu. Mzuri huo, kaka! Pole yako wewe na jua lako."

Ulifika vijiji vya watu usiowajua, ukapanda mnara wa kanisa na kuwaomba wapiga kengele wakuachie kamba moja, hata kwa robo saa. Uliweza kukaa kutwa nzima ukitazama kriketi, na ukiulizwa nani kashinda unasema hawajamaliza, watarudi kesho. Bendi ya matarumbeta ikipita barabarani ulilia. Kila mara. Clifford alikuwa na kitambaa cha pili mfukoni kwa ajili hiyo tu.

Lakini mahali ulipopapenda kuliko pote palikuwa nyuma ya nyumba yako: kijia kinachotoka kanisani hapa kijijini kwetu Hollinroyd, kinavuka uzio kwa ngazi ya mbao, kinakata mashamba mawili ya mzee Horsfall na kupanda mpaka juu ya kilima cha Crow Nab. Huko ulisema majivu ya mwili wako yamwagwe, na huko tuliyamwaga. Clifford akawa anapanda kila Jumapili kukaa na wewe.

Mwezi wa Juni mzee Horsfall naye akafa, shamba likauzwa. Mwenye shamba mpya akaizungushia ngazi waya, akaweka kibao kwamba hakuna njia. Clifford alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa. Alikaa hivyo hivyo mpaka Gillian, binti yenu, alipokuja na kumlazimisha ale.

Sheria ya hapa ni hivi: watu wakipita mahali miaka ishirini, mchana kweupe, bila kuvunja uzio na bila kuomba ruhusa, njia inakuwa ya umma na hakuna wa kuifunga. Lakini aliyeomba ruhusa alikuwa mgeni tu wa mwenye shamba. Mwenye shamba akiondoka, ruhusa inaondoka naye.

Na wewe, Win, uliomba. Kila mwaka baridi ilipoanza kupungua, kwa miaka thelathini, ulibisha mlango wa mzee Horsfall: "Samahani kukusumbua, tunaweza kupita tena mwaka huu?" Krismasi ukampelekea kadi ya shukrani. Tena hukutosheka kuomba peke yako. Ukikutana na mtu kwenye kijia ulimuuliza kwa upole kama naye ameomba.

Tuliiomba halmashauri iifungue njia, na Novemba ikamtuma afisa, akakaa na daftari lake kwenye ukumbi wa kijiji. Gillian alimnong'oneza baba yake, "Baba, habari za kuomba usizitaje. Sema mlikuwa mnapita tu."

"Mama yako aliomba."

"Najua. Lakini ukisema hivyo, kule hupandi tena."

"Siwezi kumsemea uongo, Gill. Mama yako hakuwa hivyo."

Akasimama, kofia mkononi, akamweleza afisa kila kitu, mpaka kadi. Afisa aliandika, akamtazama kwa huruma, akasema ushahidi wa namna hiyo hauisaidii njia, unaiumiza. Akauliza kama yupo aliyepita bila kuomba.

Nikasimama mimi. Akaniuliza katika miaka ishirini nilikaa kijijini mingapi. Nikasema ukijumlisha likizo zote, minne. Nikaketi.

Ukumbi umejaa, na nilijua wengi wao hawakuwahi kubisha mlango ule. Lakini watu wetu unawajua. Heri wapoteze njia kuliko kusimama mbele ya majirani na kusema hawakuwa na adabu. Na mbele ya Clifford, mgane wako!

Ndipo akanyanyuka Bi Pickersgill, yule wa mbwa watatu, na miaka yake themanini na miwili.

"Mimi sikuomba," akasema. "Hata mara moja. Miaka arobaini."

"Enid!" dada yake akashtuka.

"Nyamaza, Maud. Winifred nilimwambia naomba, ili asinisikitikie. Nilimdanganya macho makavu."

"Ulikuwa ukijificha?" afisa akauliza.

"Nitajificha vipi na mbwa watatu, mwanangu? Mzee Horsfall alikuwa akinipungia mkono juu ya trekta."

Watu wakacheka, na kile kicheko kikawafungua midomo. Akasimama muuza nyama. Akasimama mwalimu mkuu mstaafu, uso umemwiva kwa haya. Mpaka kasisi: "Mimi nilidhani ni njia ya kanisa. Sikuuliza nisije nikaambiwa siyo." Watu kumi na saba, Win. Kila mmoja alimgeukia Clifford kwanza na kusema samahani, ndipo akamgeukia afisa. Clifford naye akawa anawaitikia, "Hapana, hapana. Asante. Asante sana."

Mwisho akauliza, "Kwa hiyo nyote mlikuwa mnatudanganya?"

"Tungemkatalia vipi, Clifford?" Bi Pickersgill akasema. "Wewe mwenyewe uliwahi kumwambia Winifred hapana?"

Clifford akafikiri. Akakiri hakuwahi.

Jibu la halmashauri limekuja wiki mbili zilizopita. Njia ni ya umma. Waya umekatwa.

Jumapili iliyopita tulipanda. Clifford alitangulia. Alipofika kwenye ngazi akasimama, akageukia nyumba ya shamba, akanyoosha tai yake. Nilijua anachotaka kufanya, na Gillian alinibana mkono nisiseme. Mwenye shamba mpya alikuwa uani na ndoo yake, anatutazama. Clifford akavua kofia. "Habari za asubuhi," akasema. Yule bwana akaweka ndoo chini, akaitikia. Clifford akavaa kofia, akaweka mguu kwenye ngazi, akavuka. Hakuomba ruhusa.

Juu kulikuwa na mvua ile ya kupiga ubavuni, uliyokuwa ukiiita ya kuosha macho. Tulikaa nyuma ya ukuta wa mawe, tukawaacha wawili peke yenu. Alikaa muda mrefu. Aliporudi sikutaka kumuuliza, lakini alisema mwenyewe.

"Nimemwambia nitakuja Jumapili," akasema. "Na Jumapili ya pili yake."

Akashuka mbele yetu bila kuharakisha.

Unakumbukwa na mumeo Clifford; binti yako Gillian na mumewe Desmond; wajukuu zako Imogen na Rufus; kaka yako Amos; wapiga kengele wenzako wa Hollinroyd; na Bi Enid Pickersgill, aliyesema jina lake lisipokuwemo atakuja kuniona.

Pumzika, Win. Tutakukumbuka kwa siku zote tulizobakiwa nazo.