Balfearn ni Yangu Mpaka Nife

Jumamosi, 5 Oktoba
Struan kaja. Wiki ya tano mfululizo! Huyu mtoto wa marehemu kaka yangu Ranald, ambaye tangu awe mtu mzima alinikumbuka kwa kadi ya Krismasi tu. Kaja na karatasi ileile ya wakili. Wosia wa Ranald uko wazi: nyumba ya Balfearn ni ya Struan, ila mimi nina haki ya kuishi humu mpaka nife. Nikisaini kuiacha haki hiyo, atauza. Nisiposaini, angoje. Na sisi wa ukoo huu hatufi mapema.

Nimemwambia miwani imepotea, siwezi kusoma. Ilikuwa mfukoni mwa aproni. Basi tukanywa chai, skonzi na jemu, kwa saa mbili nzima. Kicheko cha mtu humu ndani — nilikuwa nimekisahau.

Jumatano, 9 Oktoba
Mvua. Sijasema na mtu tangu Jumamosi. Nimelisemesha birika.

Jumamosi, 12 Oktoba
Leo nimekuja na jipya: sisaini mpaka ajue anauza nini. Nikamtoa nje kumwonyesha dirisha la juu kushoto. Si dirisha! Ni ukuta uliopakwa rangi nyeusi, fremu zimechorwa kwa nyeupe. Dohani inapita mlemle ukutani, na aliyejenga hakutaka nyumba yake ionekane chongo. Struan kalala humu likizo zote za utotoni, hakujua. "Shangazi, acha utani wako!" Akapanda mbio kukitafuta chumba chenye dirisha hilo. Akashuka mikono kichwani. Nimevunjika mbavu kwa kucheka.

Karatasi tukaisahau. Yaani yeye aliisahau.

Jumamosi, 19 Oktoba
Nimemwambia agonge nguzo za barazani kwa kidole, asikie. Mbao tupu, zimepakwa rangi zifanane na mawe. Kafurahi kweli.

Nilipokuwa nachemsha maji nikamsikia akiongea na mkewe, Catriona, kwenye simu. Sauti ya mwanamke huyo inapenya: eti kibibi kinamzungusha, na yeye kakubali kuzungushwa. Struan akasema anajua. Anajua! Ila akiniona pale mlangoni namngoja, anajisikia vibaya.

Nikarudi na chai kama sikusikia kitu. Nusu niliimwaga sahanini.

Jumamosi, 26 Oktoba
Kaja bila karatasi. Hakuketi hata.

"Shangazi, nisamehe, nimekuwa sina adabu. Baba alitaka uishi humu, na utaishi humu. Nimemwambia wakili afunge faili. Sikusumbui tena."

Akanibusu shavuni. Skonzi hakuonja. Dakika nne!

Nimeshinda. Laiti ningekuwa na wa kumwambia.

Jumapili, 27 Oktoba
Saa zimerudishwa nyuma leo nchi nzima, kama kila mwaka baridi ikikaribia. Nimeongezewa saa nzima. Ya nini?

Jumamosi, 2 Novemba
Nilijua haji. Bado nikapika, nikavaa sweta ya buluu, nikakaa dirishani mpaka giza. Vyumba kumi na moja, na ninaishi jikoni. Naogopa. Si kufa — naogopa Jumamosi ijayo, na ile itakayofuata.

Jumatatu, 4 Novemba
Nimempigia. Nimemwambia nimebadili mawazo, nitasaini, aje Jumamosi na karatasi. Akauliza, "Una uhakika, shangazi?" Ninao. Nikaongeza kwamba darini kuna kitu hajawahi kukiona. (Hakuna. Nitabuni.)

Akashukuru sana. Asante mara tatu, maskini, kumbe alikuwa na shida kweli. Halafu akasema nisihangaike kupika, hana haja ya kuja, kanichosha vya kutosha na Jumamosi zake. Karatasi ataituma kwa posta. Nisaini tu mbele ya shahidi mmoja, niirudishe.

"Yeyote tu, shangazi. Mtu yeyote uliye naye karibu."

Nikasema sawa, hilo si tatizo.

Mtu wa posta huacha barua kwenye sanduku la getini, hajawahi kufika mlangoni. Nimelitoa daftari la namba za simu, nitafute shahidi. Niliowakata majina kwa kalamu wamekufa. Nimeanzia A. Sasa niko M.