Ukuta Unaotazama Bahari

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kilburn sote wazima. Shangazi yako amepandishwa cheo hospitalini, na wanawe bado wananijibu kwa Kiingereza.

Nimefurahi kwamba mwalimu wenu wa usanifu wa majengo aliwapeleka kwenye ile monasteri ya Waorthodoksi huko Ugiriki, akausifu ukuta unaotazama bahari. Unauliza mbona hukuliona jina langu popote. Naona unashuku babu yako alijisifu bure.

Nilikuwa baharia kijana, na meli yetu ilikaa matengenezoni miezi miwili katika bandari ya jirani na monasteri hiyo, nikawa nakwenda kuwatembelea watawa. Ukuta ule mnene ulijengwa zamani kuzuia maharamia, lakini watawa walikuwa wameupiga lipu ya saruji na chumvi ikawa inaibambua. Nikawaambia ukuta wa pwani unataka chokaa. Marehemu baba alikuwa mwashi kwetu Pangani. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Tukabandua saruji, tukaloweka chokaa, nikaupiga lipu upya kuanzia msingi hadi chini ya kuba, lile paa la mviringo la kanisa lao.

Siku ya mwisho nilichukua msumari nichore jina langu. Mtawa mzee akanishika mkono taratibu, akanionyesha kuba.

"Aliyeijenga hatumjui," akasema, "na kila siku unainua macho kuitazama."

Niliudhika, sikufichi. Lakini msumari niliurudisha mfukoni.

Kwa hiyo mwalimu wako usimwambie kitu. Ukijua wewe, yatosha. Ila nitumie picha ya ukuta, kubwa, niitundike sebuleni. Wageni wakiuliza, nitasema ni ukuta tu.

Babu yako